Mama Yake Kioo na Ufunguo wa Mzinga

Mlinzi wa lango ndiye aliyepiga simu. Alisema kuna mama mmoja amesimama pale nje, kavaa vizuri, mkoba kwapani, amepewa kiti na hataki kukaa. Ameulizwa anamtaka nani, akajibu anamtaka yule mwanamke wa bunduki.

Radi aliibana simu sikioni. Hakuhitaji kuuliza ni mama gani. Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita hivyo, na huyo mtu walikuwa hawajawahi kuonana ana kwa ana.

"Mwambie nakuja," alisema. Akaweka simu chini, akaelekea langoni.

Radi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake wa maabara walimpachika kwa sababu ya kazi yake, na kidogo kwa sababu ya kicheko chake. Alikuwa mtafiti wa fuwele, yale mawe angavu ambayo chembe zake zimejipanga kwa safu, moja kando ya nyingine, kama viti vya ukumbini kabla watu hawajaingia. Chombo chake cha kazi kilikuwa mzinga wa gesi, bomba nene la chuma lililolala sakafuni, refu kuliko basi. Nyuma ya bomba gesi inashindiliwa mpaka ikatae. Mbele, ndani ya chumba kidogo kilichonyonywa hewa yote, kinafungwa kipande cha fuwele kisichozidi upana wa kifuniko cha chupa. Valvu ikifunguka, gesi inalirusha bamba la chuma likaigonge ile fuwele kwa kasi inayoiacha nyuma risasi ya kawaida. Pigo linapita ndani ya fuwele kama wimbi, linaibana kuliko maji ya vilindi vya bahari yanavyoweza kubana kitu, na kabla jicho halijaanza hata kupepesa, chembe zote zinahama safu zake na kujipanga upya. Jiwe linakuwa jiwe jingine. Halafu linapasuka na kuwa unga.

Radi alitaka kujua zinahamaje. Nani anatangulia, nani anafuata, na safu mpya inaelekea wapi. Swali hilo lilimkaa kichwani tangu akiwa mwanafunzi, na hakuwa na dalili ya kulichoka.

Aliyemletea fuwele za kupasua alikuwa Kioo.

Kioo naye alipewa jina hilo na watu wa maabara, kwa vile kila kilichopita mikononi mwake kilitoka unaweza kujitazama uso. Kazi yake ilikuwa kukata fuwele na kuzisugua. Mwaka ule Radi alikuwa anapiga fuwele za chumvi, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani, na chumvi ina uchokozi wake: haitaki maji. Pumzi ya mtu tu inatosha kuitia ukungu. Kwa hiyo Kioo alisugua kwa spiriti na kitambaa laini, kavaa glavu, kajifunga kitambaa mdomoni, katika karakana iliyokaushwa hewa mpaka midomo inapasuka. Siku alipopeleka fuwele yake ya kwanza, aliiweka kwenye kisanduku chenye pamba kama mtu anayempeleka mtoto mchanga kwa bibi yake. Kesho yake akaja kuichukua. Alidhani imepimwa na kuhifadhiwa.

Radi alimwonyesha kijiko kimoja cha unga mweupe.

Kioo aliutazama ule unga kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu aliye msibani, "Ilikuwa na kosa gani?"

Radi alicheka hadi akashika meza. Alipoweza kuzungumza akamweleza kwamba haikuwa na kosa hata moja, na ndiyo maana aliipiga. Ingekuwa na mkwaruzo, mkwaruzo ule ungeanza kuvunjika kabla ya wakati wake na kumdanganya. Akawasha kompyuta amwonyeshe mstari uliochorwa na leza, mwale wa mwanga unaopima mwendo wa pigo, jinsi ulivyopanda, ukatulia, ukapanda tena. Akaeleza kwa mikono, kwa kalamu, kwa vikombe viwili vya chai. Alipogeuka kuona kama kijana amemwelewa, akakuta Kioo haangalii kompyuta. Anamwangalia yeye. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kutafuta mikwaruzo midogo, macho yanayopita taratibu juu ya kitu, na siku hiyo yalikuwa yametafuta na hayakuona.

Mapenzi yao yalianzia hapo. Hayakuwa na siri. Watu wa maabara waliyajua kabla ya wenyewe, maana kisanduku cha fuwele, ambacho zamani kililetwa na tarishi, kilianza kuletwa na Kioo mwenyewe, na Kioo mwenyewe alikuwa na tabia ya kusahau kuondoka.

Tatizo lilikuwa mama yake. Kioo alipomwambia kuwa amepata mchumba, mama alifurahi. Alipomwambia mchumba anafanya kazi gani, furaha ikakatika kama uzi. Kwanza alisema msichana kamzidi kijana umri. Baadaye akasema kasoma mno, atamdharau. Mwisho akasema, bila kuongeza neno, kwamba hamtaki nyumbani kwake mwanamke wa bunduki. Kioo alijaribu kumfafanulia kwamba watu wametia chumvi, kwamba si bunduki ya kuua, na mama akamjibu kuwa chumvi ni kazi yake yeye, asimletee hapo. Yule mama alikuwa amemlea peke yake. Baba alifariki machimboni Kioo akiwa bado wa kubebwa, na zaidi ya hapo mama hakuwahi kusema, wala Kioo hakuwahi kuchimba.

Kwa hiyo jioni moja, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za nyuma ya karakana, Kioo alimwomba Radi jambo. Alilisema kwa upole, kwa kuzunguka, lakini lilikuwa lilelile: je, hawezi kufanya hesabu tu, kwenye kompyuta, na mzinga akawaachia wengine?

Radi alimtazama kama hamjui. "Kama unataka kuoa nusu yangu," alimwambia, "ile nusu nyingine niipeleke wapi?"

Tangu siku ile hawakuwa wamesemezana ila ya kazi. Kisanduku kilirudi kuletwa na tarishi.

Na leo ndiyo ilikuwa siku kubwa. Maabara iliazimwa mashine ya eksirei yenye uwezo wa kupiga picha ndani ya ule muda usiofikia kupepesa jicho, ili safari hii, mbali na kuchora mstari, ione chembe zenyewe zilivyojipanga. Kesho mashine ingerudi kwa wenyewe. Kioo alikuja mapema, akafunga fuwele mahali pake, akasema "tayari" akitazama sakafu, akarudi karakanani kwake upande wa pili wa ua. Na sasa, pampu ikiwa inanyonya hewa, mama yake amesimama langoni.

Radi alimkuta amesimama wima kama mlingoti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye uso wa Kioo uliokomaa, na macho yaleyale ya kutafuta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari." Neno *daktari* lilitoka kama mtu anayeshika kitu kwa ncha za vidole. "Mwanangu hajui kama nimekuja. Na usimwite."

Radi akaitikia kwamba hatamwita. Akamkaribisha ofisini, akamwambia kuna chai. Mama akasema hakuja kunywa chai. Alisema kijana wake siku hizi anakula bila kuongea, anaingia bila kuongea, na yeye hakuzoea kuishi na kabati. Anataka kuiona hiyo bunduki kwa macho yake, na baada ya hapo ataondoka.

Radi alipiga hesabu ya haraka. Muda ulikuwepo, kidogo. Angeweza kusema leo haiwezekani, aje wiki nyingine. Lakini akamtazama yule mama alivyoushikilia mkoba wake, vidole vimekaza mpaka kucha zimepauka, akapiga moyo konde. Alimwambia amfuate.

Mlangoni mwa chumba cha mzinga kulikuwa na ubao wenye matundu, na katika matundu kadhaa funguo. Radi akachomoa wake, akachomoa mwingine akampa mama. Alimweleza kwamba hiyo ndiyo sheria ya pale: hakuna anayevuka mlango ule bila ufunguo mkononi. Mama akautazama ule ufunguo pande zote mbili, akaufumbata.

Ndani, fundi wa gesi alikuwa amepiga magoti akikagua mabomba. Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, mwepesi wa mikono, ambaye wote walimwita Bi Valvu. Alimsalimia mgeni kwa heshima, kisha akamtupia Radi jicho lililouliza maswali mengi kwa pamoja. Radi akajifanya hakuliona.

Mama alitembea kando ya bomba lote mpaka kule mbele. Alichungulia kwenye kidirisha kinene, akaiona fuwele imekaa pale, angavu, pembe zake zimenyooka, hata ungeweza kudhani ni pengo lililokatwa kwenye hewa. Kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea kidogo.

"Hii ndiyo anayoisugua?"

"Ndiyo, mama. Hii imemchukua siku nyingi kuliko zote. Ni lazima ikatwe kuelekea upande mmoja kamili. Ikipinda kidogo tu, haifai."

"Na wewe unaivunja."

"Ndiyo," alisema Radi. Hakupata namna ya kulipamba.

Mama akaguna. Akauliza yule anayefyatua anasimama wapi. Radi akamwonyesha: hakuna anayesimama humu. Wote wanatoka, mlango wa chuma unafungwa, wanakwenda chumba cha pili nyuma ya ukuta wa zege ambao unene wake ungemlaza mtu mzima. Mama akataka kuuona huo ukuta. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi.

Bi Valvu alitoka mwisho, akaufunga mlango wa chuma, akatangulia kurudisha ufunguo wake. Katika chumba hicho cha uongozaji palikuwa na ubao mwingine, wenye taa, wa kurudishia funguo kabla ya kufyatua. Radi akachomeka wake, taa yake ikawa ya kijani. Ya Bi Valvu ilikuwa imewaka tayari. Ufunguo wenye uzi wa buluu, wa Kioo, ulikuwa umerudi tangu asubuhi. Tundu moja tu lilibaki na taa nyekundu.

Radi akageuka. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni, ngumi imefumbwa mapajani.

"Huo ufunguo, mama," alisema Bi Valvu kwa adabu. "Unachomekwa hapa."

Mama hakusogea. "Nisipouchomeka?"

Bi Valvu alitaka kujibu, Radi akamtangulia. Alimweleza kwamba asipouchomeka, mzinga hautafyatuka. Hakuna namna ya kuuzunguka, hakuna mkubwa wa kutoa amri. Umetengenezwa hivyo. Ufunguo mmoja ukiwa nje maana yake ni kwamba mtu mmoja huenda bado yuko ndani, na mtu mmoja akiwa ndani, hata gesi haijazwi.

"Hata wewe mwenyewe ukitaka?"

"Hata mimi mwenyewe nikitaka."

Pampu ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta. Bi Valvu alitazama saa, akatazama mashine ya kuazima, akatazama dari. Radi aliujua ule mtazamo, naye ndani yake alikuwa na mtazamo uleule. Kazi ya miezi ilikuwa imekaa ndani ya ngumi ya mwanamke mfupi aliyekuja kumkataa. Alivuta kiti akaketi karibu naye, si kwa mbele, kwa ubavuni, kama watu wanaosubiri daktari hospitalini.

Mama ndiye aliyeanza. Alizungumza akiutazama ule ukuta.

"Baba yake alikuwa mlipua miamba. Mwanangu anajua alifia machimboni, hajui zaidi. Kila siku mchana king'ora kinalia, halafu kishindo. Mimi huwa naanika nguo saa hizo. Nasimama na nguo mkononi, maji yananitiririka, mpaka nione wanaume wanashuka kilimani. Nikimwona, ndiyo naitundika ile nguo." Aliugeuza ufunguo kiganjani. "Siku ile msimamizi alidhani wote wametoka. Alidhani, basi. Hakuna aliyemhesabu."

Radi hakusema pole. Aliona neno lenyewe dogo. Aliweka mkono wake karibu na mkono wa mama juu ya kiti, bila kuugusa.

"Kijana alipokuja kuniambia mchumba wake analipua vitu," mama akaendelea, "nilimwambia umri, nikamwambia masomo. Ningemwambia nini? Kwamba nimekuwa mzee na bado nasikia king'ora?"

"Ningekuelewa, mama."

"Wewe hujawahi kusimama na nguo mkononi."

"Sijawahi," alikubali Radi. Kisha akasema, taratibu, kwa kuwa lilikuwa kweli na hakuwa amewahi kulisema kwa mtu: "Lakini mimi huhesabu watu. Ubao unahesabu, na bado nahesabu. Nawataja mmoja mmoja kwa mdomo, yuko wapi, nani kamwona. Bi Valvu hunicheka. Mwanao nikimtaja huwa natoka nje kabisa nikaone taa ya karakana yake inawaka. Hata wiki hizi ambazo hatuongei nimetoka kila mara."

Bi Valvu akakohoa. "Hilo ni kweli," alisema. "Anatuchelewesha."

Mama akamgeukia Radi. Yale macho yakapita usoni mwake taratibu, paji, mashavu, kidevu, kama yanavyopita juu ya fuwele kabla haijafungwa kisandukuni. Radi aliyavumilia.

"Ukitaka niuzime, nitauzima," alisema. "Mashine itarudi kwa wenyewe, tutaomba tena siku nyingine. Sitakuona mbaya."

"Na leo umeshamhesabu?"

"Bado. Nilikuwa na wewe."

"Basi twende."

Wakatoka wote wawili mpaka kwenye kizingiti cha jengo. Upande wa pili wa ua dirisha la karakana lilikuwa na mwanga, na ndani yake kivuli cha mtu aliyeinama, mkono ukienda na kurudi juu ya meza. Mama alisimama akikiangalia kile kivuli. Akashusha pumzi ndefu. Akarudi ndani mbele ya Radi, kwa hatua za mtu anayejua njia, akaupeleka ufunguo kwenye tundu lake na kuuchomeka mwenyewe. Taa ikawa ya kijani.

"Haya," alisema, akakaa.

Bi Valvu hakungoja aambiwe mara mbili. Gesi ikajazwa, sindano ya kipimo ikapanda. Radi akataja watu kwa mdomo, mmoja mmoja, na safari hii hakuna aliyemcheka. Alipofika mwisho akasikia vidole vikavu vya mama vinaushika mkono wake wa kushoto. Kwa mkono wa kulia akabonyeza.

Ukuta ulitoa mlio mmoja mzito, kama gunia la nafaka lililoangushwa ghorofa ya juu. Vikombe vikagongana. Kisha kimya.

"Basi?" aliuliza mama.

"Basi, mama."

"Hiyo ndiyo iliyoninyima raha mwaka mzima?"

Radi alitaka kumjibu, lakini kompyuta ilikuwa imeanza kuchora, na alipouona ule mstari akasahau adabu zote. Ulipanda wima. Ukakatika, ukatulia kama kibaraza. Ukapanda tena. Wimbi lilikuwa limegawanyika mawili, la kwanza likakimbia mbele, la pili likafuata likiwa limebeba safu mpya. Bi Valvu akafungua picha ya eksirei. Kulikuwa na vidoa vya mwanga kwenye weusi, na havikuwa mahali vilipokuwa kabla ya pigo. Vilikuwa vimehama, vyote, na kusimama kwenye pembe nyingine, safi, kila kimoja na nafasi yake. Fuwele haikuvurugika ilipobanwa. Ilijipanga.

Radi alimkumbatia Bi Valvu, Bi Valvu akamnyanyua kidogo kutoka sakafuni, wakazunguka kati ya viti wakicheka kama wasichana wa bweni waliofaulu mtihani. Walipokumbuka kuwa kuna mgeni, mgeni alikuwa amesogeza kiti chake mbele ya picha, mkoba uko chini sakafuni.

"Nieleze," alisema. "Kwa Kiswahili cha nyumbani."

Radi akakaa chini kabisa, sakafuni, miguuni pa yule mama, akaeleza. Katika chumvi hii, alisema, kila chembe ina majirani sita: mbele, nyuma, kulia, kushoto, juu na chini. Ndivyo inavyoishi. Ikibanwa ghafla kwa nguvu ile, inahamia kwenye mpango mwingine, ambao kila chembe ina majirani wanane.

Mama akafikiri. "Hao wawili wametoka wapi?"

"Hawakutoka mahali, mama. Walikuwepo. Walikuwa kwenye pembe, mbali kidogo, hawahesabiwi. Mbano ukija kutokea upande ule, wanasogezwa mpaka wanagusana na mwenzao, na wale sita wanawapisha kidogo. Leo ndiyo tumeona kwamba kweli wanasogea kwa njia hiyo. Ndiyo maana nilimsumbua mwanao akate kuelekea upande mmoja."

"Na yeye aliweza."

"Hakuna mwingine angeweza."

Mama akatikisa kichwa polepole, na kwenye pembe ya mdomo wake pakatokea tabasamu dogo, la kiburi cha mzazi, ambalo hakukusudia Radi alione.

Walitoka nje pamoja, Radi akimsimulia mama ya ile jioni ya kwenye ngazi. Jua la mchana lilikuwa limejaa ua wote. Kioo alikuwa tayari amekuja katikati ya ua, kwa vile kishindo kikishapita huwa anakuja kuuliza habari za fuwele yake, hata katika siku hizi za kununiana. Alikuwa na glavu mikononi, kitambaa kimening'inia shingoni, nywele zimejaa vumbi la kusugulia. Alimwona Radi kwanza. Kisha akamwona mama yake, mkono kwa mkono na Radi, akasimama kama aliyegonga ukuta wa kioo.

"Mama?"

"Fuwele yako imekaa vizuri," mama alimwambia. "Majirani wanane. Nimeona kwa macho yangu."

Kioo akapiga hatua moja. Alimtazama Radi, na Radi akamrudishia macho yaliyojaa kicheko na machozi kwa pamoja, macho ambayo Kioo alikuwa amekosa kuangaliwa nayo tangu ile jioni ya kwenye ngazi. Akavua glavu moja, akasahau kuvua ya pili.

"Nasikia ulimwambia mwenzio aache mzinga," mama aliendelea. "Nani alikutuma?"

"Wewe, mama. Ulisema hutaki mwanamke wa bunduki."

"Nilisema simtaki. Sikusema aache kazi. Hayo ni mambo mawili, na yote mawili mimi na yeye tumeshayamaliza. Yapo mengine ya baba yako, nitakuambia nyumbani, ni haki yako." Akamnyooshea kidole. "Sasa wewe ulimposa kwa masharti. Hiyo siyo posa, ni mkataba wa kupanga nyumba. Muulize tena."

"Hapa?"

"Unataka wapi? Mimi naangalia yale maua."

Akawapa kisogo, akajifanya anatazama maua yaliyopandwa kando ya ukuta wa maabara, mikono nyuma, wima. Dirishani mwa chumba cha uongozaji pua ya Bi Valvu ilikuwa imebandikwa kwenye kioo.

Kioo alisogea. Akaushika mkono wa Radi kwa ule mkono wake uliokuwa wazi, mkono mkavu, uliokwaruzika vidoleni.

"Nilikosea," alisema. "Nilikuomba kitu ambacho ningekuchukia ungekubali. Nakutaka nzima. Na kishindo chako, na unga wako mweupe, na kunitoa roho kila unapoagiza fuwele nyingine. Utanikubali?"

Radi alikuwa amejiandalia maneno, wiki zote zile za kununa, maneno makali na mazuri. Yote yalimpotea. Alikiangalia kile kitambaa kilichoning'inia shingoni mwa Kioo, akakinyoosha taratibu kwa vidole, kana kwamba ni lazima sana kinyooke.

"Ndiyo," alisema. "Nimekubali. Nilikuwa nimekubali hata nilipokuwa nimekasirika."

Kioo akamvuta kifuani, vumbi na glavu moja na vyote, na Radi akaficha uso wake pale shingoni. Wakasahau ua, wakasahau dirisha na aliyekuwa nyuma ya dirisha.

Pale kwenye maua, bila kugeuka, mama akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali sana, "Amesemaje?"

"Amesema ndiyo, mama."

Mama akainama, akachuma jani moja lililokauka kwenye maua ya watu, akalitupa kando. Ilimchukua muda kidogo kuinuka, na alipoinuka alikuwa anafuta macho kwa kiganja.

"Basi njooni mnishike mkono," alisema. "Nimesimama miaka mingi."